Kilo Sitini na Sita na Nusu

Toledo, Ohio
9 Julai 2023

Shangazi Eliza,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi hii ya Julai? Baba aliniambia umeanza kutembea na fimbo, lakini ukikaribia nyumba za watu unaificha kwenye migomba ili usionekane mzee. Mimi sijambo. Wodini kazi ni zilezile. Mgonjwa akinieleza maumivu yake namwitikia "pole," na sasa hata madaktari wameanza kusema "pole."

Jambo lenyewe ni hili, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Yule Lamont niliyekwambia kwamba anafanya kazi ya mikono ni bondia. Ulipodhani ni seremala sikukukatiza, maana ulifurahi sana ukaanza kuulizia kabati. Baba nimemwambia wiki iliyopita. Amesema hamtoi binti yake kwa mtu anayelipwa kupiga watoto wa wenzake.

Lamont Tolliver ni mzaliwa wa hapahapa Toledo, Mmarekani mweusi, ana miaka thelathini na sita. Alilelewa na bibi yake, mama wa kanisani mwenye kofia kubwa. Alikuwa anapigana shuleni kila siku, bibi akaona afadhali apigane mahali penye saa ya kuanza na saa ya kumaliza, akampeleka kwenye ukumbi wa ngumi akiwa na miaka kumi na moja. Tangu hapo amepanda ulingoni kwa kulipwa mara arobaini na moja, uzito wa welta. Ameshinda thelathini, ametoka sare mara mbili, hayo mengine tuyaache. Mwaka 2015 aligombea mkanda akashindwa kwa pointi, na mpaka leo ukitamka neno pointi anatoka nje kupunga upepo. Pasipo na pambano anaezeka mapaa. Ni mpole, Shangazi. Buibui akiingia bafuni anamtoa kwa kikombe.

Novemba kumi ana pambano la mwisho, na kijana wa miaka ishirini na tatu ambaye hajawahi kushindwa. Lamont amesema akishapigana hilo anatundika glovu, ndipo aje kuposa kwa heshima zote. Kocha anataka afanye mazoezi milimani apate pumzi. Nikafikiria huko kwenu Lukozi. Kocha mwenyewe hapandi ndege hata umfunge kamba, kwa hiyo Lamont atakuja peke yake, wiki kumi. Sharti ni moja tu: siku ya kupima asizidi kilo sitini na sita na nusu. Akizidi, hakuna pambano. Naomba umpokee, umtazame kwa niaba ya baba, uniandikie.

Hiyo tabia yake ya kusahausahau usiijali. Amechoka tu.

Mwanao,
Janeth


Lukozi
1 Agosti 2023

Mwanangu Janeth,

Marahaba. Goti ni langu, fimbo ni yangu, na baba yako ana macho marefu kwa mtu anayedai haoni kusoma taarifa za kikao cha ukoo. Ng'ombe amezaa dume. Kabichi ni nzuri mwaka huu na kila mtu anayo, kwa hiyo hakuna wa kumpa.

Umefanya vizuri kuandika. Simu yangu mimi ni ya kutoa salamu. Nikiipokea wanakaa watu sita kuisikiliza, na ukisema jambo sisi hatujamaliza chai, huko barabarani wameshaliongezea chumvi.

Kuhusu ubondia. Nimefundisha shule ya msingi miaka thelathini na sita, nimeamua ngumi nyingi kuliko marefa wenu wote, na wengi wa wale wapiganaji leo ni wazee wa kanisa. Sijatishika. Aje. Atalala chumba cha nyuma, godoro nimelianika. Ila umweleze mapema kwamba kwetu chakula hakikataliwi. Mgeni akisema ameshiba kabla mwenyeji hajaridhika, hapo tayari kuna kesi.

Barua yako ina mstari wa mwisho umekaa peke yake. Kusahau gani? Mimi nilikuwa nasahihisha insha, Janeth. Mtoto akitaka kuficha kitu hukiweka mwishoni akidhani mwalimu amechoka.

Shangazi yako,
Eliza


Lukozi
27 Agosti 2023

Mwanangu Janeth,

Mgeni alifika salama Jumapili iliyopita. Alishuka garini na begi moja, akaniambia "Onga mshi" asubuhi na mapema, umande haujakauka. Umemfundisha salamu ya Kishambaa lakini hukumfundisha kwamba hiyo ni ya mchana. Watu wamempenda kwa hilo, wanamwitikia hivyohivyo, na sasa barabara nzima ni mchana kutwa.

Lakini mwanangu, ulimtuma akiwa katika hali gani? Mashavu yameingia ndani, shingo ni mishipa mitupu. Watu walikuja kumtazama bondia wa Marekani wakaishia kunishika mkono na kuniambia pole, wakidhani nimeletewa mgonjwa wa kuuguza. Mama mmoja aliacha mayai kumi na mawili mlangoni akaondoka.

Nikampeleka kwa Tobia. Unamkumbuka Tobia, anayenunua viazi vya watu na kuimba besi kwenye kwaya. Ana mizani ya magunia, ile ya kusimama juu yake. Lamont akapanda. Mizani ikasoma sitini na nusu! Kilo sita pungufu! Nikamwonyesha kwa vidole, sita, sita, naye akaitazama ile mizani, akanitazama mimi, akasema "asante." Hilo ndilo neno lake kwa kila kitu.

Basi nimeanza kazi. Asubuhi anakimbia kupanda kule msituni, watu wanamwuliza nani kafa. Akirudi anakuta uji wa maziwa na viazi vya kuchemsha. Mchana makande, nayaungia karanga. Jioni bada, ugali wetu wa muhogo, na mboga, au ndizi na nyama ikipatikana. Katikati hapo maparachichi. Hakatai hata kidogo. Usiwe na wasiwasi na hizo kilo, nitazirudisha zote kabla ya Novemba.

Jambo moja. Asubuhi hawezi kufunga vifungo vya shati, vidole vinacheza. Nilimfungia mimi, akacheka, nami nikacheka. Na jina langu ameshaniuliza mara tatu. Niandikie kuhusu hilo.

Eliza


Toledo
16 Septemba 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kwa dume, na kwa mayai, na kwa watu wote wa barabarani. Hapa majani yameanza kubadilika rangi na mimi nimeanza kuvaa soksi mbili.

Shangazi, nakuomba kwa heshima zote: usimlishe. Hajapungua! Hapa aliondoka akiwa na kilo sabini na mbili, kwenye mizani ya hospitali. Anatakiwa apungue, si aongezeke. Mabondia wote huonekana hivyo. Mashavu yake yameingia ndani tangu ana miaka kumi na tisa. Chakula chake kiwe mboga, mayai mawili, na kipande cha nyama kisicho na mafuta. Karanga hapana. Parachichi hapana kabisa.

Nimepiga simu mara nne kukwambia haya. Kila mara unapaza sauti "Hajambo, anakula!" na nasikia watu nyuma yako wakipiga vigelegele. Mbele ya watu wote hao ningemwambiaje shangazi yangu amnyime mgeni chakula? Ningeonekana nimelelewa porini. Yeye naye nikimwuliza ananiambia kila kitu kiko sawa, na anasema akiwa na kitu mdomoni.

Ni kweli nilimwambia asikatae chakula. Hilo ni kosa langu.

Naona karatasi inaisha. Barua hii ikikufika, tafadhali, fanya kama nilivyosema.

Janeth


Lukozi
29 Oktoba 2023
(kwa mkono wa Lamont)

Mwanangu Janeth,

Natumaini aliyekuletea barua hii amepita vizuri mlangoni kwako. Barua yako ya Septemba sijaiona. Labda iko njiani.

Nina furaha kukujulisha kwamba jana, mbele ya mashahidi, mizani ya Tobia imesoma sitini na sita na nusu kamili. Watu walipiga makofi. Tobia alitaka tuongeze nusu kilo ya akiba nikakataa, nikasema mtoto ameandika asizidi. Suruali alizokuja nazo hazimwingii. Nimemshonea mbili zenye lastiki.

Baba yako alikuja kumtazama. Alikaa siku ya kwanza bila kumsemesha. Siku ya pili wakaenda kuchimba viazi, na Lamont akabeba gunia lililojazwa lumbesa, lile lenye kichwa juu, peke yake, mpaka barabarani. Siku ya tatu nikamkuta baba yako, mzee mzima wa kanisa, amekunja ngumi nyuma ya zizi anafundishwa kukwepa. Aliponiona akajifanya anafukuza nzi.

Alhamisi Lamont alipotea. Kutoka kanisani mpaka kwangu, njia aliyopita kila siku kwa wiki tisa. Nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa shamba la kabichi, ametulia, anatabasamu. Akaniuliza twende wapi. Nikamshika mkono tukarudi, nikampa makande, akala sahani mbili. Mimi sikula.

Nimekuuliza mara mbili na hukunijibu. Sikuulizi tena.

Shangazi yako


Toledo
12 Novemba 2023

Shangazi Eliza,

Shikamoo. Leo sitaulizia ng'ombe, nitaulizia wakati mwingine.

Kilo sabini na tisa. Kocha alimpandisha kwenye mizani siku ya kwanza, akasoma, akamshusha, akaivua mizani betri, akairudisha, akampandisha tena. Sabini na tisa. Akainama kuchungulia kama kuna mtu anakanyaga upande wa pili. Kisha akakaa kwenye ndoo na kuniuliza huko kwetu tunafuga watu? Wamemkimbiza akiwa amevaa nailoni, wamemfungia kwenye chumba cha mvuke, wamemnyima maji. Siku ya kupima alikuwa na sabini na tatu. Upande wa yule kijana wakakataa, pambano likafutwa. Wote walikuwa wanapiga kelele, promota, kocha, mpaka mwuza tiketi. Lamont alikaa kwenye benchi, akaniambia polepole kwamba ana njaa, akaomba viazi.

Hiyo mizani ya Tobia ina nini?

Ngoja nimalizie. Kwa kuwa hakuna pambano, nilimpeleka kupigwa picha ya kichwa, ile aliyokuwa akiniahidi kila mwaka kuwa ataipiga "baada ya pambano." Daktari aliziweka picha ukutani akazitazama moja moja. Amesema makonde ya miaka yote hiyo yameacha alama. Amesema akikaa vizuri anaweza kuwa na miaka mingi mizuri, lakini asipigwe tena, hata kwa mto. Nikauliza, je, angepigana Novemba kumi? Akaanza kupanga kalamu zake.

Kwa hiyo imekwisha. Mapambano arobaini na moja, na la mwisho ni lile aliloshindwa mwezi wa pili mbele ya watu mia mbili. Hakuna kengele, hakuna hotuba. Nimelia kwenye gari na sijui nilikuwa nalilia nini. Sijui nikulaumu au nikushukuru, kwa hiyo leo nakulaumu kwanza.

Janeth


Lukozi
4 Desemba 2023

Mwanangu Janeth,

Marahaba, hata kama uliniamkia kwa hasira. Ng'ombe hajambo, ingawa hukuuliza.

Nimekosea mambo mawili na nitayasema kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nawataka wanafunzi.

Mizani ya Tobia kila mkulima wa Lukozi anaijua. Inakula. Ukipandisha mfuko wa saruji wa kilo hamsini inasoma arobaini na mbili. Tunamwuzia hivyohivyo kwa sababu ndiye anayekuja mpaka shambani, na kwenye kwaya hatuna besi nyingine. Siku ile ya kwanza nilisahau, nakuapia. Niliona mtu amekonda, nikaona sitini na nusu, nikakimbilia jikoni. Nilikuja kukumbuka wiki ya pili, naosha masufuria. Nikasimama hapo na sufuria mkononi. Lakini kufikia siku hiyo nilikuwa nimeshamfungia vifungo mara nane.

La pili. Barua yako ya "usimlishe" ilifika tarehe nne Oktoba, imenyooka, haina hata mkunjo. Niliisoma mara mbili. Nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo, nikaenda jikoni kumwongezea parachichi.

Nilishawahi kumfundisha mtoto aliyeanguka kutoka mtini. Alirudi darasani akiwa na afya, anacheka, lakini akiniuliza jambo lilelile kila asubuhi. Ninaijua sura hiyo. Kumkataza Lamont asipigane nisingeweza, sina lugha yake na si mama yake. Nilichokuwa nacho ni chungu na mwiko. Nikasema kama sharti ni kilo, basi kilo atapata. Nimemharibia kazi yake mtu mzima aliyekuja kwangu kwa heshima, akala kila nilichompa na kusema asante. Kila nikikumbuka hiyo asante naona aibu. Ukitaka kunilaumu, nilaumu mpaka uchoke. Ningemlisha tena.

Baba yako naye ni tatizo jipya. Zamani alikataa kwa sababu mchumba wako ni bondia. Sasa anauliza atamtoaje binti kwa mtu asiye na kazi. Nimemwambia achague sababu moja ashikamane nayo.

Umwombe Lamont msamaha kwa niaba yangu. Umweleze yote, usipunguze.

Shangazi yako,
Eliza


Toledo
2 Januari 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Ng'ombe hajambo? Goti hajambo? Wote hawajambo?

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni na ikabidi nikae. Sasa na mimi nikwambie. Uliniuliza kuhusu mikono na sikukujibu, kwa sababu mimi ni muuguzi na nilijua jibu kabla hujauliza. Nilijua tangu mwaka juzi. Nilimwomba aache, nikalia, nikanuna, nikamfichia glovu. Kila mara alisema moja tu, la mwisho. Kocha alipotaja milima, zilikuwepo kambi Arusha zenye wapishi wanaopima wali kwa kijiko. Nikasema hapana, nina shangazi Lukozi. Shangazi, ulininenepesha mimi kilo tisa likizo moja ya kidato cha pili, na nilikuwa nina malaria. Nilijua ninampeleka wapi. Ile barua ya kukukataza niliiandika ili nisijione mbaya, na nikaituma kwa njia ya polepole kuliko zote.

Kwa hiyo usimwombe msamaha peke yako. Tulikaa mezani siku ya Krismasi, nikamweleza yote, yako na yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba kalamu na karatasi, akasema anataka kukuandikia mwenyewe kwa Kiswahili. Imemchukua siku tano na kamusi. Sikumsahihisha, nimekuachia wewe. Naiweka hapa chini kama alivyoiandika.

Janeth

*

Shangazi Eliza,

Shikamoo. Mimi ni Lamont. Jina lako nimeandika kwenye mkono ili nisisahau.

Janeth anasema mlinidanganya. Mimi nacheka. Mimi napima uzito tangu nina miaka kumi na tano. Nikisimama tu, bila mizani, najua kilo zangu, hata nusu. Siku ya kwanza kwa Tobia nilijua mizani ni mbovu. Kila sahani nilijua.

Nilikuwa naogopa. Mwaka mzima naogopa. Usiku kichwa kinalia. Lakini bondia hawezi kumwambia kocha naogopa. Anaweza kumwambia nimenenepa. Watu watakasirika, lakini watamwacha aende nyumbani.

Watu wengi wamenipenda, lakini wote walitaka nipige. Bibi yangu pekee na wewe mlitaka nile.

Sasa nashusha watoto kwenye basi la shule, dereva ni mwingine. Nina karatasi yenye majina ya mitaa yote, sipotei. Mwambie baba nina kazi.

Naomba kumwoa Janeth. Nina kilo themanini na tatu.

Lamont